Kuchakulo na Shimo la Njia ya Mtoni

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitikia nusunusu? Nawataka nyote. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana kwa ngoma na mahari, Ngiri alichimba viazi vikuu katikati ya njia ya mtoni, akashiba, akaenda zake. Akaacha shimo refu hilo! Jumbe Nyati akamwita Kuchakulo, mpiga mbiu wa kijiji.

"Kazi yako ni kuonya watu. Wakitumbukia watatu, wa nne utakuwa wewe. Nitakutia humo kwa pembe zangu."

Kuchakulo akabana mkia. Akaenda, akasimama ukingoni, akapaza sauti: "Jihadharini! Shimo! Shimo! Shimo!"

Ngedere akaja mbio. "Shimo? Liko wapi? Hebu nilione." Akainama kuchungulia. Pu!

Siku ya pili Kuchakulo akachora ubaoni mnyama anayeanguka, miguu juu, kichwa chini. Fisi akasimama kutazama. "Huyu ni mimi? Mbona umenipa matako makubwa hivi?" Akarudi nyuma aone vizuri: hatua moja, hatua ya pili, hatua ya tatu. Pu!

Siku ya tatu akazungushia miiba, akatangaza: "Marufuku kupita hapa!" Punda akasimama, akafikiri. "Marufuku? Basi Jumbe kaficha majani mabichi, anakula peke yake." Akairuka miiba. Pu!

Wote watatu wakatolewa kwa kamba, wanatukana. Jumbe akamwambia Kuchakulo: "Watatu wametimia; ila kesho wakipita wote salama, nitakusamehe."

Na kesho yake ndiyo harusi ya binti wa Jumbe! Kijiji kizima kingepita njia ile na ngoma, nani angesikia mbiu? Kuchakulo akashika njia ya nyumbani analia waziwazi, hana haya. Mara akamwona mama mkwe wake, Bi Shungi, anakuja na mzigo wa kuni. Papo hapo akajitosa vichakani, akafunika uso. Maana huko kwao ndiyo heshima: mwanamume akimwona mama mkwe njiani, awe wake, awe wa jirani, haendi mbele. Anachepuka, anajificha, mpaka bibi apite.

Humo humo vichakani machozi yakamkatika. Akacheka.

Asubuhi mkewe, Mashavu, akamwekea mama yake kigoda ukingoni mwa shimo. Kuchakulo akajibanza ng'ambo ya shimo, nyuma ya mti.

Ngoma hiyo inakuja! Bwana harusi akamwona Bi Shungi, akachepuka. Wapiga ngoma wakachepuka na ngoma zao. Jumbe Nyati, na ukubwa wake wote, akachepuka. Wanawake wakasimama mbali kidogo, wakapiga magoti.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, wanangu. Piteni huko pembeni."

Hakuna aliyetumbukia. Hata Punda!

Kuchakulo furaha ikampanda kichwani. Akatoka nyuma ya mti anarukaruka. "Nimepona! Nimepona! Nimepona!"

Bi Shungi akageuka. "Nani huyo? Si mkwe wangu?"

Loo! Kuchakulo akafunika uso kwa mikono miwili, akachepuka upesi. Pu!

Watu wakakusanyika. Jumbe akachungulia, kwa mbali. "Huyu ndiye wa nne. Tena kaniondolea kazi."

Bi Shungi akainuka kigodani. Akalitazama shimo, akalitazama rundo la udongo alioutoa Ngiri, lipo palepale pembeni.

"Wanangu, mmepiga mbiu, mmechora ubao, mmezungusha miiba, mpaka mimi mmeniketisha juani. Udongo si huu hapa? Mbona hamkulifukia?"

Jumbe akatazama juu kama anayetafuta mvua. Kisha mmoja akashika jembe, wa pili akashika jembe, wa tatu akashika jembe.

Sauti ikatoka chini, ya mtu ambaye bado kajifunika uso:

"Mashavu, mke wangu! Mwambie mama, kwa heshima zote, wasianze kabla sijatoka!"

Hadithi yangu imekomea hapo, ukingoni mwa shimo. Na wewe unayecheka sana, tazama unapokanyaga ukienda kulala.