Kijiti Chekundu cha Mtini

Sogeeni, wanangu, niwasimulie. Mwanamize, mama wa mtoto mmoja, alipenda mitini, akibadilishana vijiti vya kupanda na kila jirani. Siku moja mwanamke asiyemjua alimpa kijiti chekundu, akachukua chake, akaenda zake. Mwanamize akakipanda.

Siku ya kwanza kijiti kikasema, “Nipe maji.” Akakipa. Siku ya pili, “Nipe maziwa.” Akakipa. Siku ya tatu, “Nipe mwanao.”

“Mwanangu simtoi!” Akakivuta. Mizizi ikamzinga mikono, ikalia kama kichanga. Akaking'oa, akakitia motoni, kisha akamkumbatia mwanawe mpaka mtoto akasema, “Mama, unaniumiza.”

Yameishia hapo. Anayeogopa amshike mwenzake.