Kiwavi Aliyeshona Miili Miwili

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mkeka!

Wa kulalia?

Wa kuvaa!

Haya, sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muhogo, tafuna polepole, maana leo nasimulia habari za watafunaji.

Hapo kale wanyama hawakupewa miili ya bure. Kila mmoja alijishonea wake. Ndani ya gamba la Bi Kobe mlikuwa na ukili wa kila mnyama, ule msuko mrefu wa ukindu wanaoungia mikeka, na humo mmesukwa kila kitu: jicho, ukwato, mkia, hata namna ya kupiga chafya. Mwiko ulikuwa mmoja tu. Ukili wenyewe hautoki nje ya gamba. Unakaa mlangoni, Bi Kobe anakusogezea kidogo kidogo, nawe unasuka nakala yako. Ukimaliza, unakata vile vipande vitupu visivyo na habari yoyote, na vile usivyovihitaji, unaunga vilivyobaki kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, kisha unavaa. Kata, chwa! Unga, shii! Kata, chwa! Unga, shii! Mwili huo.

Sasa kando ya mto palikuwa na kichaka, na ndani ya kichaka aliishi kiwavi mmoja jina lake Siwema. Mfupi kuliko kidole changu hiki cha mwisho, lakini akili yake ingejaza pishi. Viwavi wa kwao walikula majani ya mdimu tu, hawakujua kingine. Na midimu yote ilikuwa imekwisha. Aliyeimaliza ni Kifaru.

Kifaru wa siku hizo hakuwa na pembe hata moja. Alikuwa na tumbo. Kwacha-kwacha-kwacha, mti umekwenda! Kwacha-kwacha-kwacha, mwingine! Ndugu sita wa Siwema walikwenda pamoja na majani, na Kifaru hata hakujua kama amekula nyama. Ukabaki mdimu mmoja, na juu ya mdimu yuko Siwema.

Asubuhi moja, kwacha-kwacha, Kifaru huyo.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi Siwema. Niko hapa mbele ya pua yako."

"Basi jiondoe, nile."

"Mjomba, huu ndio mdimu wa mwisho. Ukiula, viwavi tumekwisha."

Kifaru akacheka mpaka matawi yakatikisika. "Ukili wangu mimi mrefu, ukili wako wewe mfupi. Mrefu hula, mfupi huliwa. Unalia nini?"

Siwema aliogopa, tusidanganyane. Akaling'ang'ania jani kwa miguu yake yote, na miguu alikuwa nayo mingi. Lakini akasema, "Ni mfupi, mjomba, sikatai. Ila wangu una miili miwili ndani yake."

"Miwili? Kwenye kiukili hicho?"

"Miwili. Kama ni uongo, nile."

Kifaru akakaa chini, puh! Yeye mwenye ukili mrefu alikuwa na mwili mmoja, na hilo lilimchoma rohoni. Akasema, "Nakupa siku kumi na mbili. Ukitoka na mwili mwingine, mdimu huu siugusi, mimi na kizazi changu. Ukishindwa, mdimu ni chakula na wewe ni kitoweo."

"Bi Kobe shahidi," akasema Siwema.

Siwema akatambaa mpaka kwa Bi Kobe. Akakaa mlangoni, akasuka nakala nyingine ya ukili uleule, jicho kwa jicho, fundo kwa fundo. Kisha akaanza kazi, na kazi ile, jamani, ningelipa kuitazama! Kipande cha mabawa alichokikata mara ya kwanza, safari hii alikibakiza. Kipande cha miguu mingi alichokibakiza mara ya kwanza, safari hii alikikata. Kata, chwa! Unga, shii! Ukili haukuongezeka hata uzi mmoja, lakini ulikuwa unasema maneno mapya.

Akafika kwenye kipande cha meno. Akakata, chwa!

Bi Kobe akashtuka. "Mjukuu wangu, meno unayatupa? Huo mdimu wako utautafuna na nini?"

Siwema akakiweka kando kile kipande. "Sitautafuna, bibi. Lakini utakuwepo."

Kumbe Kifaru alikuwa nyuma yao anachungulia. "Kiwavi! Nami nataka mwili wa pili, mkubwa zaidi. Nikate wapi?"

Siwema akamtazama, akawakumbuka ndugu zake sita. Akasema kwa adabu zote, "Mjomba, kukata ni shida zetu sisi maskini. Mwenye ukili mrefu kama wako akate kwa nini?"

"Unasema kweli kabisa," akasema Kifaru. "Changu hakitupwi!"

Basi Siwema akauchukua mwili wake mpya, akaenda kujifungia ndani ya kifuko kwenye tawi la mdimu. Na Kifaru akasuka nakala ndefu, akaanza kushona. Kipande kitupu? Shii! Sikio la akiba? Shii! Mahali pake au si mahali pake, shii! Hakuna chwa hata moja.

Siku ya kumi na mbili akavaa, akaja kula. Wanyama wakakimbia. Sikio liko gotini, mkia uko begani, magamba, pembe kila upande, na ngozi ya ziada inaburuta chini, bwaa, bwaa. Akipiga hatua moja anajikanyaga. Akifungua mdomo ale, mkia unatangulia kuingia.

Ndipo kile kifuko kikapasuka, pa! Akatoka Siwema na mabawa meusi yenye madoa ya manjano. Akakunjua bawa moja, akakunjua la pili, akaruka. Mimi mwenyewe nikifika hapa husita, maana ni yuleyule, wa ukili uleule.

"Shikamoo, mjomba," akasema kutoka juu.

"Siwema, mwanangu, nifumue! Nakufa njaa!"

Siwema akamwita Bi Kobe. Bi Kobe akafumua, chwa, chwa, chwa, mpaka jioni. Zilipobaki pembe mbili puani, Kifaru akaruka nyuma. "Hizi niachieni! Changu hakitupwi!" Wakamwachia. Anazo mpaka leo, moja nyuma ya nyingine, na haoni vizuri kilicho mbele yake.

Na Siwema? Alirudi kwenye mdimu wake. Akaligusa jani kwa miguu, akalitambua. Meno ya kulitafuna hakuwa nayo tena. Akaweka yai moja dogo chini ya jani, na ndani ya yai lile mlikuwa na nakala ya ukili mzima, wa miili yote miwili, na mdimu ulikuwa pale unalingoja.

Mkeka wangu nimeukunja. Ukipendeza, ulalieni, ukichoma, ni ukindu wangu mwenyewe.

Na funzo je? Funzo ni hili, watoto: msitupe kitu. Akiba haiozi. Kama hamniamini, nendeni mkamwulize Kifaru, lakini simameni mbali na pua yake.