Fundi Aliyenyamazisha Kipimo

Wapendwa, ndege ya abiria ikipita juu ya paa hili, mnadhani imebeba watu na mizigo tu? Zipo zinazobeba pia chombo cha kupima hewa. Kimefungwa tumboni mwa ndege, kina mrija mdogo uliotokeza nje, na safari nzima kinanusa: hapa moshi kiasi gani, hapa sumu kiasi gani. Abiria wanakunywa chai, hawana habari.

Basi palikuwa na fundi mmoja, Tumsifu, aliyekabidhiwa chombo cha namna hiyo. Ndege ikitua anapanda, anachukua vipimo, anawatumia wataalamu. Mtu makini, tena mzee wa kanisa. Lakini mwaka mmoja chombo kikaanza kumsumbua. Huko juu, hewa safi. Ndege ikishuka, dakika mbili kabla ya kutua, sumu ya moshi inapanda mara nane! Kila safari, mahali pale pale.

Akaangalia ramani. Ni kijijini kwao.

"Haiwezekani," akasema. "Pale nimezaliwa. Ni migomba na kahawa tu, hakuna hata kiwanda."

Akasafisha mrija, akabadilisha chujio. Namba hazikubadilika. Ndugu zangu, mnajua alifanya nini? Alikipanga chombo kile kikifika pale kisiandike kitu. Kisha akatoa taarifa kwamba mrija una hitilafu. Moyo wake ukatulia.

Ukatulia miezi mitano. Ndani ya miezi hiyo mama yake mzazi akaanza kubanwa na kifua, akalazwa, akawekewa oksijeni. Tumsifu alimpelekea machungwa, akapiga magoti kando ya kitanda, akamlilia Mungu amwonyeshe ugonjwa huu umetoka wapi. Mnasikia? Aliomba aonyeshwe!

Siku moja mtaalamu akampigia simu. "Fundi, tumefunga chombo kingine kwenye ndege ya pili. Kinasoma sumu pale pale ambapo chako kimenyamaza. Tafadhali nenda ukatazame kuna nini huko chini."

Akaenda mchana, na kipimo cha mkononi. Darajani kikaanza kulia. Alipoipita shule kikalia zaidi. Alipoingia njia ya kwao kikapiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani. Kikamfikisha nyuma ya nyumba ya mama yake, kwenye tanuri la matofali la kaka yake, Elirehema. Moshi mweusi ti! Na ndani ya moto, matairi.

"Kaka!" Tumsifu akapiga ukelele. "Unamuua mama!"

Elirehema akamgeukia. "Mimi? Na haya matairi nani ananiletea? Si wewe, mdogo wangu? Kila mwezi lori zima kutoka karakana yenu ya uwanja wa ndege."

"Nilidhani unawauzia mafundi wa viatu vya matairi!"

"Uliniuliza lini?"

Tumsifu akaketi chini kwenye majivu. Kaka yake alipoelewa, akatupa koleo akakimbilia maji. Wakalizima tanuri lile kwa ndoo, ndugu wawili, wanalia wote. Tumsifu akaandika barua ya kukiri, na kazi ikamtoka. Mama alirudi nyumbani, lakini hata sasa hamalizi ubeti mmoja wa wimbo bila kusimama avute pumzi.

Mnamshangaa Tumsifu? Mimi najishangaa mwenyewe. Sisi tukiambiwa jambo chungu, la kwanza tunamkagua aliyelisema. Mke akisema watoto wanakuogopa, unasema mama yake ndiye anayemfundisha maneno. Dhamiri ikikuchoma, unasema ni uchovu. Tunakuwa hodari wa kumrekebisha anayetuonya, na huku tunapiga magoti tukimwomba Mungu aseme. Aseme kwa mdomo gani tena, kama kila mdomo anaoutuma tunauziba?

Juzi nikitayarisha neno hili nilimkumbuka mtu aliyenieleza ukweli mara tatu kuhusu ukali wangu. Mara tatu zote nikamwita mgomvi. Yuko hapa, benchi la nne kutoka mbele, na ameinamisha kichwa. Ibada ikiisha, kabla sijamshika mtu mwingine mkono, nitamwendea yeye nimwambie, "Niambie tena, safari hii nitasikiliza."

Na wewe, utamwendea nani?