Ngiri Aliyekataa Kuketi Barazani

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma, mnaitika au mnatafuna? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na baraza lao, alikuwako Nungunungu. Alikuwa na mke, na watoto wawili ambao miiba yao ilikuwa bado laini. Alikuwa na tumbo pia. Tumbo ndilo lililomponza.

Jirani yake alikuwa Ngiri. Ngiri alichimba viazi vikuu, akavilundika ndani ya shimo lake. Kila asubuhi alifunga mlango kwa tita la michongoma, akaenda malishoni. Akirudi, aliingia kwa desturi ya ukoo wao: kinyumenyume, matako yakitangulia, meno yakilinda nje.

Siku moja bonde zima likamsikia Ngiri akilia, "Nimeporwa jamani, nimeporwa." Nungunungu akakamatwa na kiazi mdomoni. Akafikishwa mbele ya hakimu, Bi Kakakuona.

Sheria ya bonde ilikuwa fupi. Aliyechukua cha mwenzake kilicholala nje, huyo ni mwizi, arudishe maradufu. Aliyefungua mlango wa mwenzake akaingia kuiba, huyo ni mvunja nyumba, arudishe maradufu, na nyumba yake ikae bila mlango masika mazima. Aliyechukua kwa kumuumiza mwenye mali, huyo ni mnyang'anyi. Avushwe mto, yeye na wanawe, asirudi.

Ng'ambo ya mto aliishi Chui. Nungunungu alitazama ile miiba laini ya wanawe, na hofu ikamshika.

"Mwizi ni mwizi," Fisi akasema. "Avushwe, twende tukale."

"Mwizi ni mwizi, lakini wizi si mmoja," Bi Kakakuona akajibu. "Ngiri, keti useme."

"Nitasema nimesimama, Bibi Hakimu. Nilimkuta uani kwangu amebeba viazi. Nikamwambia, weka chini. Akanirukia ana kwa ana, akanichoma mwiba, akakimbia."

"Nungunungu?"

"Niliviokota nje, Bibi. Vilikuwa vimedondoka. Ngiri mwenyewe sikumwona."

"Na mwiba je?"

"Miiba hudondoka, Bibi. Labda aliukanyaga."

Baraza likacheka. Bi Kakakuona hakucheka.

"Ngiri, keti."

"Sijachoka, Bibi."

"Keti."

Ngiri akashuka, polepole, polepole, akagusa chini. Uwii! Akaruka juu. Mwiba ulikuwa umezama kwenye tako la kushoto.

"Alikurukia ana kwa ana," Bi Kakakuona akasema, "mwiba ukafikaje huko?"

Ngiri akatazama kwato zake.

"Si aligeuka akimbie," Fisi akadakia. "Akachomwa kwa nyuma. Unyang'anyi huo."

Vichwa vikatikisika kukubali. Nungunungu akauona mto, akamwona Chui. Akaona kwamba uongo wake haumfai tena.

"Bibi, sikumchoma," akasema. "Nilikuwa ndani nakula. Nikasikia mlangoni kwaru, kwaru. Nikajikunja ukutani. Akaja kinyumenyume kama wajavyo wao, akanikalia. Akalia, akatoka mbio, nami nikatoka na kiazi changu. Hata uso wangu hakuuona."

"Kweli, Ngiri?"

"Kweli," Ngiri akanong'ona. "Niliona aibu kusema nimemkalia mwizi."

"Basi si mnyang'anyi," akasema Bi Kakakuona. Nungunungu akashusha pumzi. "Lakini ulisema uliviokota nje."

"Nilisema."

"Na sasa umesema ulikuwa wapi?"

"Ndani."

"Tita la michongoma nani aliliondoa?"

"Mimi."

"Umejihukumu mwenyewe. Mvunja nyumba."

Ngiri naye, kwa kulidanganya baraza, akanyimwa maradufu. Alirudishiwa vyake tu, na akang'olewa ule mwiba bure.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Mlango wa Nungunungu uling'olewa. Kila apitaye alichungulia, akamwona mke amelala, akawaona watoto wamelala. Nungunungu akaona haya, haya kweli. Akaenda kulala kizingitini, mgongo nje, miiba imesimama, chaka-chaka-chaka, mvua imwangukie yeye. Ngiri akipita alibisha, "Hodi, mlango." Na mlango ukajibu, "Pita zako."

Mpaka leo, ukimkaribia nungunungu hukupa mgongo. Anadhani unataka kuchungulia.

Basi wakubwa na wadogo, shikeni hili: sheria haiulizi umechukua nini tu. Huuliza umechukuaje, na umechukulia wapi. Ukikataa kuijibu kweli, kosa lako watakutajia wengine, tena kwa jina kubwa kuliko lake.

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini. Atakayetoka wa mwisho afunge mlango.