Jasho Halijafika Mkiani

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na nini?
Na chungu jikoni.
Ndani yake?
Supu ya njegere, kama mwenye nguvu hajapita.

Basi, alikuwepo Bi Pimbi, mdogo wa mwili, mwenye watoto wengi na kashamba kamoja ka njegere kwenye miamba. Alikuwepo pia Bwana Ngiri, mwenye meno ya kutisha na tumbo lisilojua kushiba. Bi Pimbi akipanda, Ngiri anatazama. Bi Pimbi akipalilia, Ngiri anatazama. Bi Pimbi akiipua, Ngiri amekwisha fika. Anapiga magoti mbele ya chungu, maana ngiri hula kwa magoti kama mcha Mungu, halafu fyoo, chungu kitupu. Watoto wanalalia maji.

Mwaka ule mvua ilikuwa chache. Njegere zilitosha chungu kimoja tu, na watoto walikuwa wamebaki macho tu kwa njaa. Bi Pimbi akawaahidi kwamba safari hii watakula. Hakuwaambia vipi, kwa sababu alikuwa bado hajui.

Wakabambua njegere, tok, tok, tok. Kitunguu kikaingia mafutani, chwaaa. Kikafuata kitunguu saumu, tangawizi, njegere na maji, bwata bwata bwata. Bi Pimbi akaziponda kwa mwiko mpaka supu ikawa nzito, kijani kama nyasi za masika. Kisha akayatazama maganda, ambayo kila mpishi huyatupa, akayachemsha kwenye chungu cha pili. Akili ilikuwa imemjia.

Ngiri akafika. "Imeiva?"

"Imeiva, mjomba. Unaitaka ya shibe au ya tiba?"

Ngiri hakujua kama ziko mbili. Bi Pimbi akamweleza taratibu, kama wauza dawa wa mnadani, kwamba njegere hulainisha choo, huupa moyo nguvu, na magoti yaliyochoka kugongwa chini huwa kama ya mtoto. Mengine yalikuwa kweli. Lakini tiba, akasema, ina masharti yake.

"Nipe zote," akasema Ngiri. "Tiba kwanza."

Sharti lilikuwa kujifukiza, kwa kuwa afya ya njegere yote iko kwenye mvuke. Afunikwe blanketi, afumbe macho, na mkia autoe nje, uwe wima. Jasho likifika kwenye ncha ya mkia, amepona, anywe supu.

Wakamfunika. Chini ya pua yake wakaweka chungu cha maganda, na harufu ilikuwa ile ile. Ngiri akavuta, hmmm. Watoto wakanywa, hrrp.

"Limefika?"

"Bado, mjomba. Liko mgongoni."

Ngiri akavuta, hmmm. Watoto wakanywa, hrrp.

"Limefika?"

"Bado. Liko kiunoni. Mkia wima, mjomba."

Ngiri akavuta. Watoto wakalamba mwiko.

"Limefika?"

"Linapanda. Kupanda ni kazi."

Mvuke ulipokwisha, Ngiri akatoka amelowa chepechepe. Akakuta chungu cha supu kitupu. Kabla hajanguruma, Bi Pimbi akashika kiuno.

"Umeivuta yote, mjomba. Hata tone hukutubakizia. Ndio ukubwa huo?"

Ngiri akatazama chungu. Akatazama watoto, midomo kijani, wameinamisha vichwa kwa huzuni. Aibu ikamshika. Akaomba radhi kwa uchoyo wake, akaenda zake, na magoti, mkitaka msiamini, hayakumuuma tena. Hadi leo ngiri akikimbia, mkia wake uko wima. Anasubiri jasho lifike.

Fundisho, watoto wazuri: supu ya njegere ni afya. Msiniulize mimi, muulizeni Ngiri, aliyepona siku ambayo hakuionja. Tena msiwe wachoyo. Mkubwa akija, mpeni mvuke wote.

Ngano yangu imepoa. Mwenye bakuli akalioshe.