Zingwizi Mlangoni kwa Zuwena

Sogeeni, kucheka kumefika. Katika Hoteli Tuliza, walikolala wapaa angani na wavunja vyuma, sheria ilikuwa moja: mgeni akimwinulia mgeni mwenzake mkono, nguvu humtoka.

Siku moja Zingwizi, aliyenyanyua malori kwa kidole, aliingia mapokezi kwa teke.

"Namtaka Zuwena anayepaa! Nitamfunga kamba awe kishada changu!"

"Saini kwanza daftari la wageni, bwana," alisema Mwanakheri wa mapokezi.

"Thubutu! Nikisaini nimekuwa mgeni. Huniwezi!"

Mwanakheri akashusha pumzi. "Basi umenishinda. Yuko chumba cha tisa. Ila nadhani anaoga, kaka yangu. Usije ukamkuta mtupu."

Zingwizi akapanda ngazi mbio. Kufika mlangoni, haya zikamshika. Akakohoa.

"Hodi!"

"Karibu!" akaitikia Zuwena, kavaa, anachana nywele.

Zingwizi akarusha ngumi, ikatua begani kwa Zuwena kama pamba. Akashika kigoda amrushie, kikamshinda kunyanyua.

"Lakini sikusaini!" akalia.

"Daftari ni la kuhesabia mashuka," akasema Mwanakheri, aliyemfuata hadi mlangoni, hoi kwa kicheko. "Mgeni ni aliyepiga hodi akakaribishwa. Sasa, bwana mgeni, huku juu maji hayapandi. Ndoo yako ile pale chini, kaibebe."