Dirisha la Paa Lililovuja

Kitu kilichoangukia chini ya kitanda hakitoki kwa kuitwa. Hata uwe na cheo gani, utapiga magoti, utalaza shavu karibu na sakafu na kupapasa vumbi mpaka ukifikie. Ndiyo maana tunaambiwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka jambo la faida hana budi kuikubali taabu yake, na kwa watu wengi taabu kubwa kuliko zote ni kushusha kichwa mbele ya mwenzao. Fundi Hakosei alijifunza hayo juu ya paa la gari.

Jina hilo alijipa mwenyewe, na watu wakalizoea. Karakana yake ilikuwa safi kama meza ya daktari. Spana zilitundikwa ukutani kuanzia kubwa hadi ndogo, na hata matambara ya kufutia grisi yalikunjwa pembe nne.

Asubuhi moja dereva mmoja mstaafu aliingia pale na gari la kulalia safarini. Lilikuwa kuukuu lakini limetunzwa, lina kitanda nyuma, jiko dogo la gesi na mapazia ya maua yaliyoshonwa kwa mkono. Juu ya kitanda alilala mkewe, ambaye wote walimwita Bi Pacha. Tangu aumie mgongo miaka sita nyuma, hakuweza kukaa kitako zaidi ya nusu saa. Pacha mwenzake aliishi mwendo wa siku mbili kutoka hapo, na macho yake yalikuwa yakififia. Daktari alikuwa amesema huenda mwezi usiishe kabla hayajazima kabisa.

"Sauti yangu anaisikia kila siku," Bi Pacha alimweleza fundi. "Picha ya simu haioni tena, ni ndogo mno. Nataka anione uso kwa uso, mwanangu, angali anaona."

Tatizo lilikuwa hewa. Madirisha ya nyuma hayakufunguka, na walipojaribu safari fupi, Bi Pacha alizirai kwa joto. Kwa hiyo mumewe aliagiza vifaa kutoka ng'ambo: taa ndogo za ndani, turubai la kivuli, na dirisha la paa lenye feni. Taa na turubai zilifungwa kabla ya saa sita mchana. Likabaki dirisha.

"Fundi, paa hili lina migongo," mzee alisema akilipapasa. "Hicho kitu chini ni bapa. Kitakaa kweli?"

Hakosei alicheka. "Mzee wangu, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mimi nikufundishe kushika usukani?"

Ndani ya boksi la dirisha mlikuwa na karatasi ya kuchorea tundu. Hakosei aliibandika juu ya paa, akachora, akakata kwa msumeno wa umeme. Hakujiuliza kama karatasi ile ilitengenezewa magari mapya yenye paa tambarare kama meza. Paa la gari hili lilikuwa na matuta kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Fremu ya dirisha ililalia matuta na kuacha mianya mabondeni. Fundi aliijaza mianya gundi mpaka ikafura kama keki iliyopakwa sukari na mtoto.

Mvua ilinyesha kesho yake. Godoro la Bi Pacha lililowa chapachapa. Hakosei akabandua gundi, akapaka nyingine. Likavuja. Akapaka ya tatu, likavuja tena, na mwezi ukabakiwa na siku tisa.

"Yule mama wa ng'ambo ya barabara anaezeka nyumba," mzee alisema kwa upole. "Kwa nini usimwulize?"

Hakosei alitoa macho. Mama Bati, fundi wa mapaa na mifereji, aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Aliondoka siku Hakosei alipomwambia mbele ya wateja kwamba mkono wa mwanamke haujui kupima bati. Tangu hapo hawakusalimiana.

"Nimwulize niliyemfundisha kushika nyundo? Watu wanicheke?"

Bi Pacha akasema kutoka kitandani, "Mwanangu, kiburi chako kinaweza kusubiri. Macho ya ndugu yangu hayawezi."

Fundi alifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha akavuka barabara. Ilikuwa hatua ishirini tu, lakini miguu yake ilikuwa mizito kama imefungwa mawe.

"Shikamoo, fundi," Mama Bati alisema bila kuacha kugonga. "Leo jua limechomozea wapi?"

"Marahaba. Limechomozea kwenye paa nililolitoboa, limenishinda."

Nyundo ikasimama. "Ulinidharau mbele ya wateja watatu."

Hakosei alitazama huku na huku. Palikuwa na watu wanne wakisubiri mifereji yao. Akavua kofia. "Basi hawa wanne wasikie. Nilikukosea. Nisamehe, na unisaidie."

Mama Bati akachukua kadibodi na mkasi. "Twende. Mgonjwa hangoji tumalize ugomvi."

Alipanda ngazi, akalipapasa paa lote kwa kiganja kabla ya kusema neno. Akakata kadibodi kidogokidogo, akiijaribu na kuikata tena, mpaka meno ya ukingo wake yakaingia katika kila bonde. "Wewe ulianzia kwenye boksi," alisema. "Mimi huanzia kwenye paa." Kwa kipimo kile akatengeneza fremu ya bati nene: chini ilifuata matuta, juu ilikuwa bapa. Dirisha likakaa juu yake, maji yakapata njia ya kupita mabondeni.

Ikabidi mtu alale kitandani atazame matone. Hakosei alijitolea. Mama Bati akamwaga ndoo ya kwanza.

"Unaona nini?"

"Dari tu!"

Akamwaga ya pili, kisha ya tatu. "Na uso?"

"Mkavu kama mkate wa juzi!"

Bi Pacha, aliyeegemea ukuta nje, alicheka mpaka akashika mgongo.

Waliondoka alfajiri. Siku tatu baadaye simu ililia karakanani, Hakosei na Mama Bati wakaitegea sikio. Walisikia sauti mbili zinazofanana zikigombana.

"Mvi zake zimenishinda kuhesabu!" ilisema ile ya pacha mwenye macho yanayofifia. "Nimemshika uso, nimemwangalia kuanzia paji mpaka kidevu. Kazeeka huyu!"

"Mwongo! Tulizaliwa siku moja!"

Hakosei alimpa Mama Bati kiti, yeye akakalia ndoo iliyopinduliwa. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.